Harusi Iliyobaki Hewani

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la kinyozi, mahali ambapo kivuli hufika mapema, na kila anayelikalia anajua ni upande gani usioinuka ghafla mwenzake akisimama. Upande huo ni wa Fundi, mshona viatu, na sanduku lake la gundi na misumari. Katikati hukaa Mzee Redio na redio yake isiyozimwa, mstaafu wa posta, ambaye amesikiliza taarifa ya habari miaka arobaini na bado hajakubaliana na hata moja. Kinyozi hana mahali pa kudumu. Hutoka na kitana mkononi kila mjadala unapokolea, akamwacha mteja ndani na nusu ya kichwa. Mbele yao yuko Mama Kahawa na birika lake, anayesikiliza zaidi kuliko anavyosema, jambo linalowafanya wote wamwogope kidogo. Hapo ndipo, Jumatatu mchana, kijiwe kizima kilikuwa kinasubiri video ya harusi.

Harusi ilikuwa ya binti wa Fundi, binti yake wa pekee, na ilifanyika Jumamosi. Kesho alfajiri binti anapanda basi na mumewe kwenda kuanza maisha katika mji ulio safari ya siku mbili. Kwa hiyo video ilitakiwa leo, na aliyeahidi kuileta ni Rubani, mpiga picha wa mtaa, aliyepata jina hilo siku aliponunua ndege ndogo ya kupigia picha, ile wanayoiita droni.

Fundi alikuwa na haraka kuliko wote, na sababu yake hakumwambia mtu. Jana yake, hapo hapo benchini, aliwahadithia jinsi binti alivyoingia getini: alivyotembea polepole, alivyomtafuta baba yake kwa macho, na yeye baba alivyojikaza asilie. Kijiwe kikalainika. Mama Kahawa akammiminia kikombe cha bure. Na hadithi yote ilikuwa ya kutunga. Binti alipokuwa anaingia, Fundi alikuwa nyuma ya jiko, amekaa juu ya kreti, anagongomea kisigino cha kiatu cha bibi harusi.

Viatu vile alivishona mwenyewe, miezi mitatu, ngozi nyeupe, na alijitangaza si kidogo. Kisigino kikabanduka binti akishuka kwenye gari. Shangazi mtu akakitia kiatu ndani ya mkoba, akampa binti ndara zake azivae chini ya gauni refu, akamwambia atatafuta fundi yeyote wa jirani, kisha akakimbilia kwa kaka yake: "Kaka, kazi yako hii inatuaibisha." Fundi alimwapisha dada yake asifungue mdomo. Mshona viatu ambaye kiatu cha mwanawe kimeachia siku ya harusi ataiweka wapi sura yake? Kijiwe kingemcheka mpaka wajukuu wazaliwe. Lakini aibu ilikuwa nyepesi. Kilichomuuma ni kwamba mwanawe aliingia namna ile mara moja tu katika maisha yake, na yeye hakumwona. Video ndiyo macho aliyobakiwa nayo.

Rubani alitokea saa nane na nusu, begi la ndege mgongoni na laptopu kwapani, na hakupiga kelele kama ilivyo kawaida yake.

— Hamjambo wazee, alisema chini chini.

— Hatujambo, akajibu Kinyozi kutoka mlangoni. Kaa, fungua, tutazame. Mteja wangu ana subira.

— Sina subira, ilisema sauti ndani.

Rubani hakukaa.

— Fundi, shikamoo.

— Marahaba. Mbona umenyauka?

— Video haipo.

Mama Kahawa aliacha kumimina katikati ya kikombe.

— Haipo vipi? aliuliza Fundi.

— Nimefungua memori kadi tangu jana. Nimeitazama juu na chini. Kuna kazi ya Alhamisi tu, mabati ya ghala la watu. Harusi hakuna. Kwenye simu ninayorushia ndege kimebaki kipande cha sekunde kumi na moja, kinaonyesha paa la hema, nacho kina ukungu kama mtu kapulizia kioo.

Fundi aliweka chini nyundo yake. Alitaka kuuliza kama hizo sekunde kumi na moja zina geti, lakini akajifanya anatafuta msumari.

— Tuliza moyo, alisema Kinyozi, akaja akasimama mbele ya benchi. Hilo ni jambo dogo. Kadi imeshika uchafu. Zamani betri ya tochi ikigoma tulifanyaje? Tunailamba. Leta nilambe.

— Huilambi, alisema Rubani, akaufunika kwa kiganja mfuko wa shati wenye kadi.

— Mwache asilambe, alisema Mzee Redio. Wahenga wamesema mkono mtupu haulambwi, sembuse kadi tupu. Sasa nisikilizeni mimi, maana nimefanya kazi posta. Barua ikitoka kwa mwenyewe na haijafika, haijapotea. Iko njiani. Hiyo ndege ilipiga picha juu, sivyo?

— Juu, mzee. Mita arobaini.

— Na kadi iko chini?

— Kadi iko ndani ya ndege, mzee. Inapanda nayo.

— Usinikatize. Picha imepigwa juu, sisi tuko chini, na katikati kuna upepo. Jumamosi palikuwa na upepo au hapakuwa?

— Palikuwepo kidogo, alikiri Rubani.

— Basi harusi bado iko hewani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Ngamani ni wapi? aliuliza Kinyozi.

— Ni pale unaporejea.

Kinyozi aliitafakari, akaikubali nusu.

— Kama iko hewani, alisema, basi dawa yake ni rahisi. Rubani arudi pale pale, saa ile ile, airushe ndege na kile kimlango cha kadi kikiwa wazi. Itazikusanya zenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kimlango kikiwa wazi itaingia vumbi, alisema Rubani.

— Na vumbi si limo kwenye harusi? Utalifuta.

— Kinyozi, kichwa changu, ilisema sauti ndani.

— Nakuja, kaka yangu, kuna msiba huku.

Neno msiba lilimchoma Fundi. Aliinua uso, akamkuta Mama Kahawa anamtazama, akauinamisha tena.

— Mimi nina wasiwasi na hayo mabati, aliendelea Mzee Redio, sasa kwa sauti ya siri. Rubani, una hakika ni mabati ya kazi yako?

— Nina hakika. Nililipanda ghala lile mwenyewe kuangalia pa kutulia ndege.

— Ndivyo unavyodhani. Posta tulikuwa na kitu kinaitwa kuvuka kwa mifuko. Mfuko wa huku unakwenda kule, wa kule unakuja huku. Angani siku hizi ndege hizo ni nyingi. Huenda dakika hii kuna mtu mahali fulani kakaa na mkewe wanatazama harusi yetu, wanajiuliza, hivi huyu mama mwenye kilemba cha njano ni nani, na mabati yetu yako wapi.

— Mama mwenye kilemba cha njano ni mimi, alisema Mama Kahawa.

— Ndiyo hivyo. Umeshafika mbali.

Hata Rubani alicheka, kisha akakumbuka hali yake, akaacha.

— Nyote mmeikosa, alisema Kinyozi, na hapo sauti yake ikapanda, ishara kwamba mteja ndani amesahaulika rasmi. Video ipo ndani ya kadi. Sikilizeni. Gauni jeupe. Hema jeupe. Jua la saa saba. Jicho la ndege likafumba kwa mwanga. Sasa video iliyofumba inakuwaje? Inakuwa nyeupe tupu. Ndiyo maana ukifungua unaona pameandikwa hakuna kitu. Kipo, ni cheupe.

— Na bwana harusi aliyevaa suti nyeusi? aliuliza Mama Kahawa.

— Alikuwa kivulini.

— Saa nzima?

— Ni mtu mpole.

Mama Kahawa alimalizia kikombe alichokiacha nusu, akampa Rubani.

— Manahodha wengi, chombo huenda mrama, alisema. Kunywa, mwanangu. Hawa watakuua.

Ilikuwa Kinyozi tena aliyekuja na fikra mbaya kuliko zote, na aliileta kwa nia njema kabisa. Alipiga makofi, akasema harusi irudiwe. Leo hii, saa kumi na moja. Gauni bado lipo, gari lipo, geti halijang'olewa. Dakika tano tu za kuingia, Rubani arushe, mchezo uishe.

— Na nani atakumbuka kila mtu alisimama wapi? aliuliza Mzee Redio.

— Fundi. Jana si alituhadithia hatua kwa hatua? Fundi, wewe ulisimama upande gani wa geti?

Fundi alihisi masikio yanawaka.

— Kushoto.

— Jana ulisema kulia.

— Kushoto kwa anayetoka.

— Nani alikuwa anatoka, na watu wote wanaingia? aliuliza Mzee Redio, na haikuwa hila. Mzee aliuliza kama anavyouliza redio yake, bila kutegemea jibu. Lakini Fundi alishika kiatu cha mtu kilichokuwa kimeshakwisha kushonwa, akaanza kukigonga upya.

Akiwa anagonga hivyo, binti yake akaja. Alikuwa katika mizunguko ya kuaga, mtandio begani, mfuko wa vitu vya safari mkononi. Kijiwe kilimjua tangu akibebwa. Sasa alikuwa mtaalamu wa chumba cha eksrei katika hospitali, mtu wa kuwaambia watu wazima wazuie pumzi na wakazuia.

— Shikamooni.

— Marahaba, bibi harusi, walijibu kwa pamoja, wakaanza kuangalia vidole vya miguu yao.

— Kuna nini? Baba?

Fundi aliendelea kugonga. Rubani ndiye aliyejikaza, akamweleza: kadi, mabati, sekunde kumi na moja za paa. Kinyozi akaongezea suala la weupe, na Mzee Redio suala la upepo na watu wa mbali wanaotazama kilemba cha njano. Binti aliwasikiliza wote bila kucheka, kwa adabu. Kisha akamgeukia Rubani.

— Jumamosi ndege iliposhuka, hii kadi uliitoa saa ngapi?

Rubani alifungua mdomo.

— Niliitoa... Nilipofika nyumbani.

— Ukaiweka wapi?

— Kwenye laptopu. Hapana. Jana nilipofungua laptopu niliikuta tayari imechomekwa.

— Nani aliichomeka?

Kinyozi alimtazama Mzee Redio, Mzee Redio akaitazama redio. Rubani alikuwa amesimama na kikombe, macho yamemtoka, anarudi nyuma siku moja moja.

— Niliichomeka mimi, alisema mwishowe. Ijumaa usiku. Nilikuwa nahamisha mabati. Sikuitoa tena.

— Kwa hiyo Jumamosi ndege ilipanda bila kadi.

— Ilipanda mikono mitupu. Na kwenye simu palitokea maandishi mekundu, ila jua lilikuwa kali nikayapuuza, nikadhani ni habari za upepo. Mungu wangu, nimepiga harusi ya watu bila kadi.

— Ulibonyeza kurekodi, na yenyewe ikakubali? Saa zilikuwa zinahesabu?

— Zilihesabu. Baadaye zikagoma, nikajua ni betri.

— Basi iliandika mahali. Hiyo ndege haina nafasi yake yenyewe ya ndani?

Rubani alitua kikombe chini ya benchi, akafungua begi kwa mikono miwili. Alikuwa na ndege ile mwaka mzima, na mwaka mzima alikuwa akichomoa kadi tu na kuipeleka kwenye kompyuta. Kuichomeka ndege yenyewe kwa waya hakuwahi kufikiri. Alisema hayo kwa sauti, akijitukana katikati.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Kinyozi kwa majivuno, kana kwamba ndiye aliyegundua.

Laptopu ikawekwa juu ya sanduku la Fundi. Ndege ikawashwa, ikalia mlio wake, ikachomekwa waya. Betri yake ilikuwa na taa moja tu, nayo inapepesa. Vichwa vyote viliinama. Kwenye kioo likatokea faili moja, la dakika tisa, tarehe ya Jumamosi.

— Dakika tisa tu, alisema Rubani. Ndani mwake ni padogo, pakajaa. Lakini ni zile za mwanzo. Ni za kuingia.

Kidole chake kilikwenda kulifungua, binti akakishika.

— Usilifungulie humo humo. Linakili kwanza, lije huku. Betri ikizima katikati utalia. Kazini kwangu mgonjwa hashuki kitandani kabla sijaona picha yake imeingia, na ikishaingia inalala sehemu mbili. Flashi unayo?

Rubani alikuwa nayo. Ule mstari mdogo ukaanza kujaa. Dakika sita zimebaki, ulisema. Kisha nane. Kisha nne. Kinyozi aliutangaza kama mpira, Mzee Redio akazima redio, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Yule mteja wa nusu kichwa akatoka na shuka shingoni, akajiunga bila kuuliza.

Ni hapo tu, mstari ukiwa umefika katikati, ndipo Fundi alipolifikiria lile jambo jingine. Ndege haioni geti peke yake. Ndege inaona yote. Jiko lilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye hema, na hakuna paa lililomfunika alipokaa. Waya ulipita kando ya mguu wake wa kulia, umelegea. Mtu akinyoosha goti vibaya, waya unatoka, taa moja inazima, na hadithi ya jana inabaki hadithi ya jana. Watasema bahati mbaya. Hata yeye mwenyewe, baada ya miaka, angeweza kuamini.

Alimtazama binti aliyekuwa ameinama, nywele bado zimesukwa za harusi, anahesabu dakika kwa midomo. Kesho saa kama hii atakuwa mbali na yeye. Fundi alivuta mguu wake taratibu, akaukunja chini ya benchi, akauzuia na mguu wa pili.

— Imeingia, alisema Rubani. Wakaitia na kwenye flashi. Taa ya ndege ikazima yenyewe, imechoka, na safari hii hakuna aliyejali.

Binti alivua mtandio akaufunika juu ya kioo kuzuia jua, na wote wakaingiza vichwa chini yake wakinukiana kahawa. Video haikuwa na sauti. Ndege ilipanda kutoka nyuma ya nyumba. Ikapita juu ya jiko: masufuria, moshi, wanawake wawili, na pembeni kitu kidogo cha rangi ya kijivu kimejikunyata juu ya kreti. Ilipita upesi. Hakuna aliyesema neno, na Fundi akajua hakuna aliyeona. Kisha hema, kisha watu wamepanga safu mbili, kisha geti.

Binti akaingia.

Fundi alimwona. Alimwona akitembea polepole zaidi kuliko alivyotunga, kwa sababu ya zile ndara za shangazi zilizomzidi. Alimwona mdogo na mweupe katikati ya safu mbili, watu wakimpungia. Na alipofika mlangoni mwa hema alimwona akisimama. Alisimama kabisa. Kichwa kikageuka kulia, kikageuka kushoto, kikarudi kulia. Shangazi akamgusa mgongo, naye akaingia ndani.

— Pale ulisimama kwa nini? aliuliza Kinyozi. Nilikuwepo, nikadhani ni kizunguzungu.

— Nilikuwa namtafuta baba, alisema binti. Aliuinua mtandio, wote wakabaki wazi kwenye jua. Baba, nilikutafuta pande zote mbili. Ulikuwa wapi?

Kijiwe kilichokuwa na majibu ya upepo, ya weupe na ya mifuko iliyovuka hakikuwa na jibu hilo. Waligeuka mmoja mmoja kumtazama Fundi, aliyesimama kushoto kwa anayetoka.

— Irudishe nyuma, Fundi alimwambia Rubani. Kabla ya geti. Pale jikoni. Isimamishe hapo.

Rubani akarudisha, akasimamisha, akaivuta karibu mpaka kile kijivu kikawa na kipara, na kipara kile Kinyozi alikijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Mkono mmoja ulikuwa na nyundo. Mwingine ulikuwa na kitu cheupe.

Binti alisogeza uso karibu na kioo.

— Hicho si kiatu changu?

Fundi alitaka kueleza habari za gundi, kwamba viatu alivitoa siku moja mapema, gundi haijakauka. Hakuweza. Alilia hapo hapo, mchana kweupe, mikono imejaa rangi ya viatu, na binti akamkumbatia na rangi yake yote. Kinyozi alimshika mteja wake bega akamrudisha ndani polepole. Mzee Redio alipangusa miwani isiyokuwa na vumbi. Hakuna aliyemcheka. Walingoja mpaka kesho yake, basi lilipokwisha kuondoka, ndipo wakamcheka kuanzia kahawa ya kwanza mpaka birika likakauka.